Tulianza na Vidogo

Karatasi aliyokuja nayo mjukuu wangu siku ile ilikuwa na mistari tisa ya vibali, na kila mstari ulikuwa na ada yake upande wa kulia. Aliiweka mezani juu ya kitambaa nilichokuwa nafuma, akavua viatu, akakaa. Mtaani wanamwita Hamira, na si kwa sababu ya mikate. Alipokuwa mdogo, ukimtania kidogo tu anavimba mashavu, basi marehemu babu yake akampa jina hilo, likaganda. Mikate ilikuja baadaye, kana kwamba jina lilimtangulia kwenda kumtafutia kazi.

Alikuwa amekaa miaka sita jikoni katika hoteli moja, upande wa mikate, mpaka hoteli ikapata mwenyewe mwingine, na mwenyewe mpya akaja na watu wake. Kiinua mgongo hawakumpa. Walimpa tanuri la gesi la zamani, lenye milango miwili, mmoja haufungi mpaka uupige goti. Watu wanne walilibeba wakaliingiza chumba changu cha mbele, kile chenye dirisha la barabarani, na hapo likakaa limefunikwa shuka likingoja vibali.

Maana mnunuzi alishapatikana. Juu ya barabara yetu, mwendo wa dakika kumi kwa miguu ya kijana na ishirini kwa yangu, kuna shule ya bweni. Mwalimu mkuu wake ni mwanamke mrefu asiye na maneno mengi. Mikate ya watoto ilikuwa inatoka mbali, inafika imepondeka, na siku nyingine inafika saa nne watoto wameshaingia darasani na chai kavu tumboni. Katika kikao kimoja cha wazazi alionja mkate Hamira aliompelekea. Aliuvunja, akaunusa, akauminya kwa kidole aone kama utarudi. Ulirudi. Akamwambia angetaka mikate mia mbili kila asubuhi, lakini shule hainunui chakula kwa mtu asiye na leseni, hata awe ndugu yake wa tumbo moja. Akampa muda. Siku ya kufungua muhula wa mwisho, kama leseni ipo, kazi ni ya Hamira. Kama haipo, atasaini na kiwanda cha mjini, mkataba wa miaka mitatu, na akishasaini hata yeye mwenyewe hataweza kuuvunja.

Wakati huo mwaka ulikuwa ndiyo kwanza umeanza. Tukaona muda ni tele.

Hamira alikuwa na mpango wake. Alitaka tukusanye pesa yote kwanza, tuifungie, na siku itakapotimia aende ofisini alipie mistari yote tisa kwa wiki moja au mbili. Mimi ndiye niliyekataa, na nataka ijulikane hivyo. Nilimwambia pesa iliyokaa ndani ina miguu. Leo jirani kafiwa, kesho bomba limepasuka, keshokutwa kuna mtu anaumwa na unamtazama. Lakini cheti ulichokwisha kukilipia, nani atakuja kukuomba umwazime? Nimelea watoto watano kwa kanuni hiyo, kinachowezekana leo kifanyike leo, na kile kikubwa kitatukuta tumeshapunguza. Tuanze na vidogo, nikasema, tukipanda. Haba na haba. Sikujua kwamba kibaba chenyewe kilikuwa kimetoboka chini.

Hamira alinitazama, akavimba mashavu, kisha akacheka. "Haya, mke mwenzangu," akasema. "Wewe ndiye mkubwa, mimi nimeolewa juzi." Babu yake alikuwa akimwita mke wake mdogo, na tangu mzee afariki tumebaki hivyo, wajane wawili ndani ya nyumba moja, mmoja ana meno na mwingine hana.

Tukaanza. Mwezi wa pili tulilipia jina la biashara. Mwezi wa tatu Hamira alikwenda kupimwa afya, maana anayeshika chakula cha watu lazima apimwe damu, choo na kifua, kila kipimo na mstari wake, na cheti chenyewe mstari wa peke yake. Alirudi na cheti cha rangi ya kijani chenye picha yake kona ya juu, amekodoa macho kama mtu aliyeulizwa swali gumu. Mwezi wa nne tulipeleka mizani ikapigwa muhuri. Mwezi wa tano tukanunua mtungi mwekundu wa kuzimia moto, akaja mtu wa zimamoto akautikisa, akatazama mpira wa gesi, akatuandikia cheti. Pesa yenyewe ilitoka kwenye vitambaa vyangu na kwenye mikono ya Hamira, ambaye siku tatu kwa wiki alikuwa anafua nguo za watu na siku mbili anamsaidia mwenye duka la vyombo. Kila tulipopata cha kutosha mstari mmoja, tuliufuta kwa kalamu nyekundu. Raha ya kufuta mstari, wacha tu.

Kazi ilikuwa kwenye chumba. Bwana Afya, yule mkaguzi, alikuja mara ya kwanza akiwa na tochi ingawa ilikuwa mchana. Alipitisha kidole kwenye wavu wa dirisha, akauliza matundu yake yanazuia nini, nzi au ng'ombe. Akagonga ukuta, akasema ukuta wa chokaa hauoshwi, anataka vigae mpaka usawa wa bega. Kisha akakiona kitanda changu nyuma ya pazia.

"Hapa analala nani?"

Nikamwambia ninalala mimi, na sina mchezo na unga wa mtu.

"Mama, kitanda na donge la mkate havikai chumba kimoja," akasema, na wala hakusema kwa ubaya.

Basi nikahamia chumba cha nyuma cha kuwekea vitu, kisicho na dirisha. Kitanda hakikuingia, tukakisimamisha uani, mimi nikatandika godoro chini. Vigae tulinunua vya mabaki, rangi mbili, vyeupe na vya maziwa, na Hamira akavipandisha mwenyewe akiwa na fundi wa siku moja wa kumwonyesha. Bwana Afya alirudi mwanzoni mwa mwezi wa sita, akapitisha kidole tena, akatia saini. Cheti cha chumba kikapatikana. Ukiondoa leseni yenyewe, hakuna kilichotutoa jasho kama hicho.

Sasa niseme nilichofanya mimi kwa mikono yangu.

Mume wangu alipofariki, karatasi zake za kazi zilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda. Nilipolifungua nilikuta mchwa wameshaingia. Walikuwa wamekula kutoka katikati kwenda pembeni, wakaacha kingo tu, kama fremu ya picha bila picha. Mafao ya miaka ishirini na nane ya mwanamume yule yalikwenda hivyo, maana ofisi ilitaka karatasi na mimi nilikuwa na kingo. Tangu siku hiyo karatasi yoyote inayoingia nyumbani kwangu naivalisha plastiki. Kuna mzee ana duka la fotokopi karibu na stendi, ana mashine ya moto. Unampa karatasi, anaiweka katikati ya plastiki mbili, inapita, inatoka ngumu inang'aa. Nimevalisha vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki za watoto ambao sasa wana watoto, hata barua ya mkwe wangu ya posa.

Basi kila cheti cha Hamira kilipoingia mlangoni nilikipokea, nikajifunga khanga, nikaenda zangu kwa mzee wa fotokopi. Hakikukaa mkononi mwa Hamira hata saa moja. Nikirudi nakitoboa juu, natia uzi, nakitundika ukutani kwenye msumari, uso nje. Vilikuwa vimejipanga vizuri, kimoja kimoja, na wageni walikuwa wanasimama kuvisoma. Nyuma ya cheti, nani huangalia?

Mstari wa tisa ulikuwa leseni yenyewe, na ada yake ilikuwa kubwa kuliko ile minane ukiijumlisha. Huo tuliungoja. Katika kikundi chetu cha akina mama wa kuchangiana zamu yangu ilikuwa ifike mwezi wa tisa, na ilifika, wakanikabidhi bahasha mbele ya watu wakapiga makofi. Ilikuwa Jumatano. Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu. Alhamisi asubuhi mimi na Hamira tulikwenda ofisini, amevaa gauni lake la harusi za watu, mimi nimepakata vyeti vyote kwenye mfuko.

Ofisi ile ina madirisha sita na mabenchi ya chuma yaliyounganishwa, mtu mmoja akiinuka wenzake wote wanatikisika. Tulikaa tangu saa mbili. Kwenye dirisha la tatu kulikuwa na karani mmoja mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Alituita saa tano kasoro. Alipokea vyeti, akavisifu kwa kung'aa, akavaa miwani, akaanza kuvipanga mbele yake kama mtu anayecheza karata. Cha jina sawa, cha mizani sawa, cha moto sawa. Alipofika kile cha kijani akakigeuza nyuma, kisha akageuza na cha chumba. Mimi nilikuwa natazama mikono yake, nikaona imeacha kwenda.

Akatueleza polepole, akituonyesha kwa ncha ya kalamu. Cheti cha afya kinaishi miezi sita. Cha chumba kinaishi miezi mitatu mpaka leseni itoke. Imeandikwa nyuma, kwa herufi ndogo, hapo. Cha afya kilikufa siku kumi na moja zilizopita. Cha chumba kilikufa Jumapili. Leseni haitoki mpaka vyeti vyote viwe hai siku moja.

Hamira aliuliza sasa inakuwaje. Karani akasema isingekuwa taabu, kuna siku kumi na nne za huruma. Ukija ndani ya siku hizo unalipa ada kidogo na anakupigia muhuri wa kuongeza muda nyuma ya cheti, kwenye visanduku, palepale dirishani. Alikuwa na muhuri mkononi tayari. Aliubonyeza kwenye wino, akaujaribu nyuma ya kile cha kijani. Akauinua. Wino ulikaa juu ya plastiki kama maji juu ya jani. Akapitisha kidole, ukafutika wote.

"Nani alivivalisha hivi?" akauliza.

Hamira alijibu upesi kabla sijafungua mdomo. "Mimi."

Karani aliuliza kwa mkubwa wake, nikamwona mkubwa huyo kupitia kioo akitikisa kichwa hata kabla hajamaliza kusikiliza. Muhuri lazima ukae kwenye karatasi. Karatasi nyingine ya kubandika haikubaliki, maana watu walishawahi kughushi hivyo. Kama hauwezi kukaa, basi ni kuomba vyeti vipya. Akamwambia Hamira apige hesabu mwenyewe. Majibu ya vipimo hutoka baada ya siku kumi, bila cheti cha afya Bwana Afya haji kukagua, na kwa mtaa wetu Bwana Afya huja Jumanne tu. Halafu karani akainama karibu na tundu la kioo, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetutakia mema, kwamba hata tukivipata, leseni zote hufa mwisho wa mwaka, ya mtu aliyelipa mwezi wa kwanza na ya aliyelipa mwezi wa kumi, na ada ni ileile. Tungekuwa tunalipia mwaka mzima kwa miezi mitatu hivi.

Tulitoka. Njiani nilimwuliza kwa nini alisema ni yeye. Akasema sasa ingesaidia nini kusema vinginevyo.

Tulikwenda moja kwa moja kwa mzee wa fotokopi. Aliposikia aliketi chini kwenye ndoo yake. Alisema plastiki ile ikishashika haiachii, kazi yake ndiyo hiyo, watu wanalipia isiachie. Lakini alikuwa amesikia kwamba moto unaweza kuilegeza. Hamira akasema twende nyumbani tukajaribu, siku tatu za huruma bado zipo kwa kile cha kijani, na kesho ofisi iko wazi. Alikuwa anatembea mbele yangu kwa haraka, na mimi namfuata, na nilianza kuamini kama yeye.

Tulikaa mezani, mlango wazi tuone vizuri. Alipasha pasi moto kidogo, akatandika kitambaa juu ya cheti cha kijani, akapitisha. Kisha akachukua wembe, akaanza kona ya chini, upande wa nyuma. Alikuwa na mkono mwepesi, huyu mtoto, mkono wa kugawa donge sawasawa bila mizani. Plastiki ikaachia kidogo, kama ukucha. Tukatazamana. Akavuta, ikaja, ikaja zaidi. Nikasema polepole, akasema ninakwenda polepole. Halafu nikaona kinachokuja si plastiki peke yake. Karatasi ilikuwa inapasuka kwa unene wake, inagawanyika mbili. Uso wenye picha yake ukabaki upande mmoja wa plastiki, na nyuma yenye visanduku ikabaki upande mwingine, na katikati vinyweleo vyeupe kama pamba. Hakuacha. Alivuta mpaka mwisho, nadhani kwa sababu mikono ilikuwa imeshaanza. Akaviweka vipande viwili mezani, kila kimoja kimeng'ang'ania plastiki yake.

Cha chumba hatukukijaribu.

Nilimwambia, "Nitukane. Nitukane tu, mjukuu wangu, nitapata nafuu."

Akasema, "Ulitaka visiharibike, Bibi."

Kesho yake, Ijumaa, nilipanda shuleni peke yangu bila kumwambia. Mwalimu mkuu alinipokea vizuri, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, hata habari za mchwa nilimweleza. Nilimwomba mwezi mmoja. Alivuta droo, akanionyesha barua kutoka kwa wakubwa wake inayomtaka apeleke jina la mwokaji na nakala ya leseni kabla ya Jumatatu saa nne. Akasema mikate ya kiwanda ataila na yeye mwenyewe, na hataifurahia. Akanisindikiza mpaka getini, amenishika kiwiko. Nilipofika nyumbani Hamira alikuwa anaosha trei ambazo hazijawahi kuchafuka. Hakuuliza nimetoka wapi. Nadhani alijua kwa jinsi nilivyovua viatu.

Ile bahasha ya kikundi ilikuwa bado nzima chini ya godoro langu. Jumamosi nilimpa. Nilimwambia aiweke, tuilipie leseni mwakani tumwokee mtu mwingine yeyote anayetaka mikate. Aliihesabu, akanirudishia, akasema nikanunue dirisha la chumba cha nyuma, maana nakohoa. Jioni alikwenda kwa mwenye duka la vyombo kuuliza kama anaweza kumwongezea siku, ziwe sita.

Jumatatu niliamka kabla ya jua kama kawaida yangu. Nilimkuta ameketi chumba cha mbele, kwenye kiti, mbele ya tanuri, amevaa nguo za kwendea dukani na mkoba mapajani. Gari la kiwanda lilipita dirishani likipanda; lilikuwa jipya, limeandikwa ubavuni. Baada ya muda tukasikia kengele ya shule, ile ya kwanza, na kelele za watoto zikija na upepo kisha zikikatika.

"Sasa wanakunywa chai," Hamira akasema.

Nikakaa karibu naye. Nikamwambia tutaanza tena, safari hii tutakusanya yote kwanza kama alivyosema yeye, na sitagusa karatasi hata moja, na hata shule nyingine zipo, na miaka mitatu si mingi, mtoto mchanga wa leo atakuwa bado hajaenda darasani. Nilisema mengi. Yeye alikuwa anafunga na kufungua kifungo cha mkoba.

"Sawa, Bibi," akasema, kwa ile sauti ambayo mtu humkubalia nayo mgonjwa, akainuka akaenda kazini.